Kupanda Kimhandu na Dennis

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimeisoma tena ripoti. Kurasa mbili tu kwa kijana wa miaka ishirini na tatu. "Marehemu Abdi alijitenga na wenzake kwa ukaidi, akapotea kwenye ukungu." Ukaidi! Mdogo wangu huyu huyu aliyekuwa akinipigia simu kuuliza kama parachichi lililokatwa jana bado linalika.

Mwaka umetimia. Mama anataka mtu akamsomee Fatiha pale alipofia. Presha yake haimruhusu kupanda mlima, baba hayupo, basi ni mimi. Duka la dawa nafunga mpaka Jumatatu. Mama amemwomba Dennis anipeleke — ndiye aliyeongoza safari yao ile ya wanachuo, ndiye aliyeandika ripoti. Amekubali haraka. Mama anamwita mwanangu. Mimi simwiti chochote.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumefika Bunduki, kijiji cha chini ya mlima. Gari mpaka Nyandira, kisha bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Dennis ana jaketi jipya na anapiga picha kila kona. Anasema waliofika kilele cha Kimhandu ni wa kuhesabika na yeye ni mmoja wao. Akaniuliza kama huwa naona picha zake mtandaoni. Nikamwambia sioni.

Wa kutuongoza ni Mzee Tomasi, mkulima wa hapa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, mkono wangu akawa hauachii.

"Wewe ni dada yake."

Nikamuuliza amejuaje. Sura, akasema. Kumbe yeye na wenzake watatu ndio waliomshusha Abdi, kwa machela ya mianzi. Mwaka mzima sikuwahi kuambiwa jina lake. Ripoti inasema "wanakijiji", basi. Nikauliza watu wa chuo walimhoji nini. Hakuna aliyemhoji.

Dennis akakatiza, akasema twende tukale, chakula kinapoa. Sikula.

Ijumaa, 8 Agosti. Saa kumi na moja jioni

Kambini, ndani ya mianzi. Mwandiko mbaya. Baridi kidogo, hasira nyingi.

Tumepanda kwa saa nane nzima. Mashamba ya kabichi yakaisha, msitu ukaanza, njia nayo ikaisha. Tomasi mbele na panga. Asubuhi Dennis aliniambia Abdi aliachana nao kwenye nyasi za juu. Mchana akasema ni hapa kwenye mianzi. Nikamkumbusha alichosema asubuhi. Akasema, mwaka ni mrefu, dada.

Alipokwenda kuchota maji nikamuuliza Tomasi alimkuta wapi. Akajibu bila kuzunguka. Juu, kwenye mgongo wa mlima, kama saa moja kabla ya kilele. Amekaa chini ya jiwe. Begi pembeni, limefungwa vizuri. Mguu wa kulia umevimba, umezungushiwa skafu ya kike.

"Mtu aliyepotea peke yake, skafu ya kike ataitoa wapi?" akasema.

Dennis aliporudi nikamuuliza skafu ilikuwa ya nani. Akabandika maji motoni. Kisha akasema ya msichana mmoja kundini. Abdi aliteguka. Wakamwambia asubiri pale, wao wafike kileleni mara moja wamrudie. Walipokuwa juu ukungu ukashuka, wakaogopa, wakateremkia upande wa pili kuelekea Matombo. Walidhani atashuka mwenyewe.

Kwa mguu ule!

"Taarifa mlitoa lini?"

"Kesho yake mchana."

"Nani aliamua msirudi?"

"Tuliamua wote."

"Dennis. Nani aliamua?"

"Mimi."

Tomasi alimfikia siku ya tatu alfajiri, na anasema mwili ulikuwa bado laini, haujakakamaa. Mimi ni mfamasia. Najua maana yake. Alikaa siku mbili akiwa hai, akiwasubiri. Na mimi nilikuwa dukani, nauza dawa za kikohozi.

Huyu mtu alikuja msibani. Alikula pilau yetu. Mama alimshika kichwa akimwambia asijilaumu, na yeye akainama akashikwa.

Nimemwambia arudi, sitaki kumwona. Tomasi amekataa — hakuna wa kumsindikiza na peke yake atapotea. Basi tunaye.

Jumamosi, 9 Agosti. Saa nne asubuhi

Tuko kwenye jiwe.

Ni jiwe tu. Chini yake pakavu, panamtosha mtu mmoja. Nimesoma Fatiha, nikaanza Yasini, nikakwama katikati, nikaanza upya. Tomasi alivua kofia. Dennis alibaki mbali kidogo, amekaa kwenye matope. Aliteleza tulipokuwa tunakuja, goti limevimba. Nimelishika, nimelifunga bandeji, bila kumtazama usoni. Kupanda hawezi. Kushuka ataweza, polepole, akishikwa.

Kilele kinaonekana. Hakina bendera wala kibao, vichaka tu. Abdi alikitaka hicho. Alinitumia picha ya kilele hicho mara tano, na mara zote tano nilimjibu nina kazi. Nakitaka.

Ukungu unapanda kutoka upande wa Matombo. Nimemuuliza Tomasi kama tutawahi, mimi na yeye. Amesema labda. Kwenda saa moja, kurudi pungufu kidogo.

"Uamuzi wako, mwanangu. Ukisema twende, nakwenda. Lakini mimi hapa nimeshabeba maiti mara moja."

Dennis alisikia. Ameanza kulia. "Dada Shadia, usiniache hapa."

Nikamuuliza kama Abdi naye alisema hivyo.

Akajibu: "Alisema."

Nimekuja kukaa hatua ishirini kutoka kwake. Naandika kwa sababu nikisimama nitafanya jambo, na sijui lipi. Jaketi lake jipya limelowa, meno yanagongana, nayasikia mpaka hapa. Langu la akiba liko juu kabisa ya begi, kavu. Tomasi ameshavaa mzigo. Anatazama juu, anatazama chini, haniharakishi.

Dennis ananiita tena. Mara ya tatu hii. Bado sijaitika.