Maombi Yangu Yamepandishwa Kwenye Gari la Kampeni

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla hilo gari halijapita tena, maana kila asubuhi linapita mbele ya chumba chetu cha kazi na spika mbili juu, na sauti inayotoka kwenye hizo spika ni yangu.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi saa, chumba chetu ni kimoja hapa barabarani, pembeni mwa soko, meza yake upande huu na cherehani yangu upande ule, tunatazamana kutwa, miaka kumi na mitano sasa, na sijawahi kumficha jambo, hata nilipoiunguza kwa pasi suruali yake ya harusi nilimwambia siku hiyo hiyo, naye akacheka akasema ataivaa hivyo hivyo na koti refu, na kweli akaivaa. Ndiyo maana hili linanikaba roho. Kiongozi wa kwaya yetu anagombea udiwani, mwezi uliopita akaja kwenye ibada ya akina mama tumwombee, mama mchungaji akanichagua mimi nimwekee mikono kichwani, na mimi, Shangazi, nikianza kuomba sijui kusimama, nikamsihi Mungu ampe macho ya kuwaona wanyonge na masikio ya kuwasikia akina mama, nikalia, wote wakalia, kumbe kuna mtu anarekodi kwa simu. Wiki iliyofuata nakunja zangu pindo la gauni, nasikia barabarani, "Ee Bwana, mwinue mtumishi wako!" nikadhani nimerukwa na akili.

Tatizo ni kwamba simtaki. Ni mtu mwema, besi yake ikishuka utalia bila kujua unalilia nini, lakini ndiye mwenyekiti wa soko letu, alituahidi choo cha wanawake kabla ya Krismasi, na Krismasi tatu zimepita bado tunapiga hodi kwenye nyumba za watu tukiwa tumebanwa. Moyo wangu uko kwa mpinzani wake, nesi wa zahanati, aliyenizalisha mapacha wangu, wa pili alitanguliza miguu, na nesi zamu yake ilikuwa imekwisha tangu asubuhi lakini hakuondoka mpaka jioni. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Ila kanisani haonekani, akiulizwa anasema ana kazi, na kwetu neno limeshapita kwamba mwamini ampigie kura mwamini mwenzake, na kumpa asiyesali ni kumpa Shetani kiti.

Sasa Baba Pacha, gari likipita, anakiinua kile kioo chake cha jichoni anawaambia wateja, "Mmesikia? Huyo mke wangu huyo!" Halafu ananigeukia kwa upole, "Mama Pacha, tutampa ndugu yetu, siyo?" Nami najibu, "Amina." Kila siku "siyo?", kila siku "Amina." Juzi alikuwa anaifunga saa ya yule nesi, ambayo aliitengeneza kabla ya saa za watu wote waliotangulia, akaguna, akasema, "Unajua, Mama Pacha..." Gari likapita. Akaiweka saa mezani, kisha akaniuliza lile swali lake.

Shangazi, nikimpigia kura nesi nitakuwa nimemdanganya Mungu mbele ya mashahidi, nikimpigia ndugu yetu nitakuwa nimejidanganya mwenyewe, na mume wangu nampenda, sitaki siku moja aje kunitazama kama mtu asiyenijua. Nifanyeje?

Mama Pacha wa Cherehani

*

Marahaba, Mama Pacha, na pole. Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikakukasirikia, kwa hiyo jiandae.

Tuanze na Mungu, maana ndiye unayemsingizia. Ulimwomba ampe mtu macho na masikio. Ni maombi mazuri, na huyo ndugu anayahitaji kweli, maana hicho choo bado hajakiona. Kura hukuahidi. Tumeagizwa kuwaombea wenye mamlaka, na hata wanaotuudhi. Hatukuambiwa kila tuliyemwekea mikono tumpe na kiti. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisani, nimewaombea wagonjwa, walevi, na shemeji yangu mmoja ambaye nisingemwachia hata kuku anichungie. Endelea kumwombea kiongozi wako wa kwaya, hata siku ya kura, hata ukiwa kwenye foleni.

Kutaka kiongozi mcha Mungu hujakosea, nami namtaka. Lakini uchaji tutaupima kwa besi? Umeandika mwenyewe kwamba siku ile ilikuwa Jumapili. Mwenzako alikosa ibada akiwa ameishika miguu ya mwanao. Sikuambii umchague, kura ni yako. Nakuambia tu kwamba watu wakimwita wa Shetani na wewe umekaa hapo, ufungue mdomo.

Kisha mwendee huyo mgombea, ongozana na mama mchungaji, umwambie kwa heshima aitoe sauti yako kwenye gari. Maombi ya machozi si tangazo la sabuni. Akielewa, vizuri. Asipoelewa, utakuwa umejua jambo moja zaidi juu yake.

Sasa nakugombeza. Hiyo "Amina" yako ni uongo, mwanangu, hata ukiipaka mafuta. Kumjibu mumeo kwa neno la sala ili asiujue moyo wako, hiyo ndiyo dhambi pekee niliyoiona kwenye barua nzima. Na wewe unayeuona uzi uliolegea ukiwa ng'ambo ya chumba, mbona hili limekupita? Mwenye uhakika haulizi kila siku. Mume aliyeamua husema "tunampa," akarudi kwenye saa zake. Wako anasema "siyo?" na kukutazama usoni. Saa ya nesi ameitanguliza mbele ya saa za watu wote. Alianza kukuambia jambo, ikapita sauti ya mkewe ikimlilia mtu mbele za Bwana, akalimeza. Ungekuwa wewe ungesema? Naweza kukosea, lakini naona huyo baba anamwogopa yule mwanamke wa kwenye spika. Anadhani ndiye wewe.

Kesho fungueni mapema, gari likiwa bado halijaanza mzunguko wake. Mwambie yote, wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kuficha. Usiogope. Mtu aliyevaa suruali yenye alama ya pasi kwa ajili yako hatakuchukia kwa sababu ya diwani. Na kama kweli moyo wake uko kwa kiongozi wa kwaya, mwache ampigie. Kura hupigwa na mtu mmoja mmoja, na mkimaliza mtarudi wote kwenye chumba kile kile.

Halafu muulize, "Baba Pacha, juzi ulitaka kuniambia nini?" Ukishauliza, toa mguu kwenye cherehani umsikilize.

Shangazi