Vyura wa Matiliku

Mjini Wote, Jumatano usiku

Hapana, ile sauti ya vyura sitaiweka tena hewani bila kueleza kwanza.

Kipindi changu redioni ni cha mapishi na urembo. Leo niliingiza habari za mto, ili akina mama wajue kwamba mchanga ukichotwa wote, maji hupotea na vyura pia. Nikaweka sauti yao, kisha nikarudi kwa mapishi ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa.

Sijamaliza, Mwende akapiga simu kutoka Matiliku. Ni msikilizaji wangu wa kila siku. Alikuwa analia.

"Dada, mamangu amesikia vyura kwa redio, akachukua mtungi akasema mto umerudi. Sasa hayuko!"

Mto wao ni mashimo tu, yale yaliyoachwa na malori ya mchanga. Nikaweka muziki, nikamwambia akimbie huko na asikate simu.

Nilisikia miguu yake, halafu upepo.

"Nimemuona. Yuko ndani ya shimo."

"Ameumia?"

"Amekaa tu, anacheka. Ananiambia ninyamaze, nitawatisha."

Hapo ndipo nilipowasikia, mle ndani ya simu. Vyura wengi, mchana wa jua kali, mahali pasipo na tone la maji.

"Mwende, unasikia nini hapo?"

"Hakuna kitu, dada. Kwani wewe unasikia nini?"

Nikamwambia ni laini mbaya, amshike mama mkono.

Wamefika nyumbani salama, namshukuru Mungu. Lakini kesho lazima nikae mbele ya maikrofoni niwaambie watu kwamba ule mto umekufa, na sijui kama nitaweza...