Kompyuta Inamkataa Raudha, Inamkubali Gregori

Mwanangu Raudha anafanya kazi ya kompyuta, na sasa wanataka kumwachisha kazi kwa kosa la kompyuta yenyewe. Mpendwa mshauri, naomba msaada, nina hasira hata chai hainishuki. Mie nimeishia darasa la saba lakini mwanangu kamaliza chuo, vidole vyake kwenye mashine utadhani anapepeta mchele, Temeke nzima wanajua. Yupo kwenye majaribio ofisi moja ya mizigo, Ijumaa ndiyo wanaamua wamwajiri au wamrudishe nyumbani. Sasa macho yake hayawezi herufi ndogo, kila asubuhi anazikuza kwenye ile programu ya mizigo, akitaka kuhifadhi mashine inamwandikia hana ruhusa, kesho yake anazikuta zimerudi kama sisimizi, anakosea namba, bosi ananuna. Akamwita Gregori, mtunza kompyuta wao, naye akafungua mashine ileile kwa jina lake mwenyewe, akahifadhi, ikakubali, akamgeukia mwanangu mbele ya bosi, "Sista, kwangu inakubali. Wewe una mkono wa nuksi." Mwanangu mie, nuksi. Nikampeleka kwa shehe akanywa kombe la dua, nikamfukiza na ubani, mashine bado imegoma. Kina mama wa mtaa nimeshawaambia, tunakwenda wote ofisini kwao Alhamisi asubuhi.

Mama Raudha, Temeke

Mama Raudha, hasira yako ni ya haki, lakini kombe kwa ajili ya kompyuta, mama? Mwanao kaandikiwa wazi kwamba hana ruhusa, nyie mkatafuta nuksi. Nimemuuliza fundi. Programu hiyo inataka kuweka mipangilio ya Raudha, yaani ukubwa wa herufi zake, ndani ya folda ilimowekwa yenyewe, na humo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Jina la Gregori ni la msimamizi mwenye ruhusa zote, atakataliwa na nani? Ni mwenye nyumba anayemcheka mpangaji kwa kukosa ufunguo wa stoo, na ufunguo anao yeye. Aibu yake.

Raudha amwambie bosi asimame nyuma ya kiti, Gregori aingie kwa jina la Raudha, ahifadhi. Itamkataa na yeye. Basi Gregori aielekeze programu ihifadhi kwenye folda ya Raudha mwenyewe. Isipoelekezeka, ampe ruhusa ya kuandika kwenye faili la mipangilio tu, si kompyuta nzima. Neno la siri la Gregori mwanao asilipokee hata akibembelezwa, kikiharibika kitu atasingiziwa yeye. Kisha Gregori amtake radhi kwa sauti ileile aliyomtukania.

Kina mama wabaki na shughuli zao. Mbele ya mashine hiyo wanatakiwa Raudha, Gregori na bosi, na wakutane hapo Alhamisi asubuhi, kabla ya Ijumaa.