Ng'ombe Hana Meno ya Juu

Papa,

Nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekaa hapa kulia. Kulia nimeshalia, Mama mdogo ni shahidi. Leo nina hasira tu, na ya kwanza ni juu yangu mwenyewe.

Unamkumbuka yule ng'ombe niliyemchora mtaani Keshero, kwenye ukuta wa duka la maziwa? Patron, yule mwenye duka, alitaka ng'ombe mwenye furaha. Nikamchora Gaju, ng'ombe wetu wa Masisi, rangi yake ileile ya majani makavu, na pembe ya kushoto iliyopinda. Akasema ninyooshe pembe, nikainyoosha. Niongeze kope, nikaongeza. Kisha akataka meno, juu na chini, meupe kama ya mtangazaji wa televisheni. Nikayapanga moja moja.

Ukaja kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya kuona kazi ya binti yako. Ulivaa koti lako la kanisani. Ulisimama mbele ya ukuta ule, fimbo begani, kana kwamba kundi lako bado liko nyuma yako. Halafu ukasema, "Hii si ngombe. Ni mutu mwenye kuvaa ngozi ya ngombe. Ngombe haina meno ya juu, na weye unajua." Nami nikakujibu mbele ya watu, "Papa, weye unajua ngombe, miye najua publicité, matangazo ya biashara." Ulituaga kwa heshima, mimi na patron, ukarudi ulikotoka. Wiki mbili baadaye kikohozi kilikumaliza.

Na kweli nilijua, Papa! Kule Masisi, nikiwa mtoto mdogo, ulimshika Gaju taya, ukachukua kidole changu ukakipitisha kwenye ufizi wa juu, pale mbele. Nililia kwa woga, ukaniambia, "Haiwezi kukuluma. Huku juu hakuna kitu." Ufizi ulikuwa mgumu kidogo, kama soli ya kandambili iliyolowa. Kidole hicho hicho ndicho kilichoshika brashi.

Tangu uondoke, mnyama yule amezagaa mji mzima. Yuko kwenye pakiti za maziwa, kwenye fulana za wauzaji, nyuma ya pikipiki. Chini ya kwato zake wameandika "Maziwa ya Masisi". Maziwa gani ya Masisi? Nimeingia nyuma ya duka, nimeona kwa macho yangu magunia ya unga wa maziwa yaliyotoka nje kupitia mpaka wa Bunagana. Ng'ombe wetu waliswagwa na watu wenye bunduki, Gaju akiwa wa mbele, wewe ukafia chini ya turubai, halafu jina la kwetu linauza unga!

Kwenye matanga yako patron alituma katoni nzima ya maziwa hayo. Alitaka kutusaidia, wanasema. Watu wakanywa, na kwenye kila mkono yule mnyama ananikenulia meno. Hata mchungaji alishika pakiti yake. Nikatoka nje. Walidhani ni uchungu, wakanifuata na kitenge na maji ya kunawa.

Na wewe nakukasirikia kidogo. Ungenigombeza. Ungepiga kelele pale barabarani, kama siku ile nilipoacha zizi wazi. Kwa nini uliniaga kama mgeni? Ningekuomba msamaha jioni ileile, naapa. Au pengine nisingeomba. Sijui, na hilo ndilo linaloniuma.

Jana patron aliniita. Mvua imechubua ukuta, anataka niupake upya. Nimekubali. Kesho asubuhi naenda na ngazi. Pembe nitaipinda kama ilivyokuwa. Kope nitazifuta. Yale meno ya juu nitayafunika kwa rangi ya ufizi, na sitatumia brashi, nitatumia kidole. Atanifukuza, najua. Pakiti zake siwezi kuzifikia. Ukuta naufikia.

Lala salama, Papa. Msalimie Mama. Nikimaliza nitakuja moja kwa moja kaburini kwako, rangi ikiwa bado kwenye kucha, uone mwenyewe. Na patron akitaka meno, akenue yake.

Binti yako,
Furaha