Damu Haisomwi kwa Chemli

Kamwene, Mzee.

Sikukuzika. Barua ya msiba ilinifikia ng'ambo, kwenye mafunzo uliyonisukuma wewe mwenyewe niende, ukiwa umeshalala makaburini Kihesa wiki tatu. Inaniuma mpaka leo. Lakini kuna kitu nilikiona huko, na sina wa kumsimulia ila wewe.

Unamkumbuka yule mama mjamzito wa Usangu aliyekuja kwetu kupimwa damu? Asubuhi ile ukungu ulifunika Kilolo yote, nami nikaona uvivu kusubiri jua. Nikadondosha tone la damu yake kwenye karatasi, nikalilinganisha na kadi ya rangi kwa mwanga wa chemli. Nikamwambia damu inatosha, aende zake. Ulipoiona chemli inawaka mezani, ulichukua sindano na kadi, ukamfuata hadi kituo cha basi la Mbeya. Ukamtoboa kidole upya palepale, jua lilipochomoza. Ukarudi naye umemshika mkono. Damu ilikuwa imepungua vibaya. Tulimlaza, na mtoto akazaliwa mzima. Mimi uliniambia tu: "Damu haisomwi kwa taa, mwanangu."

Basi wenzetu wanaisoma kwa taa, Mzee.

Wanaiita leza. Ni mwanga wa kijani, mwembamba kama uzi, unavuka chumba bila kutawanyika. Waliuelekeza kwenye kichupa cha damu yangu. Karibu mwanga wote ulitoka kama ulivyoingia, ila kiasi kidogo mno kilitoka kimegeuka rangi, na kila molekuli huugeuza kwa namna yake. Kalamu ya mashine ikachora vilima. Profesa akagusa kimoja, akasema hii ni hemoglobini iliyobeba oksijeni. Pumzi yangu, Mzee, imechorwa kwenye karatasi.

Na kabla ya kuiwasha, alifunika madirisha yote, akanifukuza nilipoegemea mlango, maana mwanga wa nje ungeharibu kila kitu. Nikakusikia wewe dirishani kwako, pale ulipokuwa ukisomea damu: "Toka kwenye mwanga wangu." Nikacheka, halafu nikalia, na hakuna aliyenielewa.

Mashine ile haitafika Kilolo leo wala kesho. Nimerudi, dirisha lako nimelisafisha, na nakuahidi halitazibwa na kabati nikiwa hai. Lala salama, Mzee. Kuna mama kwenye benchi tangu saa mbili, na ukungu bado haujaondoka. Nimemwomba radhi, tunasubiri pamoja.

Mwanafunzi wako,
Tumaini