Mchanga Wangu Umeenda Wapi?

Jumamosi, Bwiza. Joto limekaa juu ya mabati tangu asubuhi, mvua imetishia kisha ikaghairi, na mimi nimeshinda na hasira zangu.

Nimechoka na mtaa huu. Nimeandika na sifuti.

Nianze na habari njema, maana ni moja tu, na hata hiyo iligeuka uongo. Leo asubuhi begi halikuniuma. Wiki nzima limekuwa likinikata mabega mpaka kuvaa shati ni kazi, lakini leo nilipanda nalo kilima cha kuelekea Gihosha mwili mwepesi, nikashuka bado nina pumzi ya kupiga mluzi. Nikajisifu kimoyomoyo. Nikasema basi, mwili umekubali, komando ndiye huyu anakuja.

Mjinga kabisa mimi.

Kwa asiyenijua, mimi ni kaporali. Nimeomba kuingia komando, na kambini wamekubali jina langu liende kwenye mchujo unaoanza mwezi ujao. Siku ya kwanza tu wanaweka begi la kila mtu kwenye mizani, halafu mnatembezwa nalo milimani mpaka waliochoka wajitoe wenyewe. Ndiyo maana nilijaza mchanga wa ziwani kwenye vifuko, nikavipanga begini, na kila alfajiri natoka nalo gizani, kila siku njia yake. Mkubwa wetu alituonya tujiandae kimya kimya, kwamba asiyeweza kufunga mdomo asijisumbue kufika. Basi nikafunga mdomo. Hata Mama sikumwambia, kwa sababu akisikia neno komando hatapata usingizi.

Hapo ndipo nilipokosea, na mtu aliyezaliwa Bwiza hana cha kujitetea. Watu wa hapa wameshakimbia vita, tena si mara moja, na wana dalili zao. Hawasubiri redio. Wanatazama nani ananunua mchele kwa gunia, nani amepeleka watoto kwa shangazi yao, na zaidi ya yote wanamtazama mwanajeshi anayekaa mtaani kwao. Akitoka alfajiri bila sare, begi limejaa, leo kwa njia hii na kesho kwa njia ile, basi huyo anajua kitu na anatafuta pa kupitia.

Mama Zaina, anayekaanga mandazi kwenye kona yetu, ndiye aliyeniona kwanza. Alimwambia nani, sijui. Ninachojua ni kwamba katikati ya wiki makaa yaliadimika dukani, na fundi magari jirani yetu akaanza kuhamishia vyuma vyake kwa mkwewe anayekaa Jabe, mtaa wa pili tu, utadhani Jabe ni nchi nyingine. Nikaona ni mambo yao tu. Sikujua chanzo ni mimi.

Sasa leo ni Jumamosi, siku ya kazi za jamii. Kila mtu barabarani na jembe lake au ufagio, mifereji inazibuliwa, magari yamesimama. Nilipanga niwe nimerudi kabla hawajatoka. Lakini kwa ule wepesi nikaongeza mzunguko mmoja wa sifa, nikaingia mtaani wote wameshatoka. Waliponiona na begi, majembe yalisimama.

Shefu wa mtaa aliniita pale pale mbele za watu. Ni mzee mpole, mwalimu mstaafu, ila leo hata salamu hakunipa. Aliniuliza kama kuna jambo mtaa unapaswa kulijua. Nikasema hakuna. Akauliza begi la nini. Nikasema la mazoezi. Watu wakaguna. Mama Zaina akasema wallahi yeye ameshakimbia mara mbili, na mara zote mbili walianza kwa kuambiwa hakuna kitu. Shefu akatoa simu. Alisema ni lazima apige kambini aulize, kwa usalama wa watu wake.

Simu hiyo ikifika kambini, jina langu linafutwa leo leo. Kaporali aliyeambiwa ajiandae kimya kimya, akatia hofu mtaa mzima, nani atampeleka popote?

Nikaona dawa ni moja. Nikasema kwa hasira, kila mtu asikie, kwamba begi hili lina mchanga mtupu, na asiyeamini asogee aone. Nikalitua, nikafungua zipu, nikalipindua.

Ikaanguka sufuria.

Ikafuata mchele kwenye mfuko, chumvi, sabuni, blanketi, mashati yangu yaliyopigwa pasi, diploma yangu ya shule ndani ya plastiki. Mchanga, hata punje. Nimezunguka na sufuria mgongoni asubuhi nzima na sikugundua! Komando gani huyo? Nao watu, Mungu wangu, ni kelele tupu. Mama mmoja alitupa ufagio akakimbilia kwake kufunga vitu.

Ndipo Mama akatoka nyumbani, polepole, na magoti yake yale. Alipita katikati ya watu mpaka aliposimama mbele yangu.

"Ni mi niliweka," alisema. "Mchanga nilimwaga nyuma ya choo. Niliona unazoeza mabega, nikasema siku ya kukimbia mutu hapiki mchanga. Nikakupangia."

Shefu ndiye aliyeanza kucheka, kisha Mama Zaina, kisha barabara yote. Simu ikarudi mfukoni. Ikabidi nieleze kila kitu, komando na mizani na milima, mbele ya mtaa mzima. Siri yangu sasa wanaijua mpaka wauza ndizi, na nikiwa na bahati itafika kambini baada ya mchujo. Juu ya hayo shefu amenipa mfereji mzima niuzibue peke yangu, na ameamuru kwamba kila nikitoka na begi nipite kwanza kwa Mama Zaina nimuage. Yaani komando mzima aombe ruhusa kwa muuza mandazi.

Nilirudi nyumbani nawaka. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Mama, kwamba sasa imetosha, kwamba mimi si mtoto. Nikaanza kuvitoa vile vitu na kuviweka mezani, nikivibamiza ili asikie. Mashati, yangu. Diploma, yangu. Blanketi moja. Mchele wa kumtosha mtu mmoja. Nikapekua tena mpaka chini kabisa. Hakuna kitenge, hakuna hata kandambili zake.

Nikamuuliza vyake viko wapi.

"Mi nabaki," alisema, akiendelea kuchambua maharage. "Ile mara ya kwanza nilikubeba mgongoni mpaka Uvira, nchi ya watu. Sasa magoti apana tena. We siku yako ikifika nenda tu, usigeuke."

Wiki nzima, basi, aliamini kwamba kuna asubuhi moja nitatoka na sitarudi. Hakuniuliza neno. Kila alfajiri aliamka kabla yangu, akanifungulia mlango, akaniambia nenda na Mungu, na mimi nikampita mbio kwa sababu nilikuwa nachelewa.

Yale maneno niliyoyapanga sikuyasema. Lakini hasira bado ninayo, na sijui hata nimkasirikie nani.

Jioni nimekwenda ziwani nikajaza vifuko upya. Uzito wanaoutaka kambini naujua, nikaupita. Nilikuwa nakadiria uzito wa mwanamke mmoja mwembamba wa magoti mabovu, na kandambili zake juu. Zipu imekataa kufunga, nimefunga kwa kamba. Nimejaribu kulinyanyua, limenirudisha kitini. Mama amelitazama pale mlangoni, akauliza kama safari hii ni mchanga kweli. Nimemwambia ni mchanga. Hakuuliza mbona mwingi hivyo.

Kesho naanza nalo taratibu, mpaka kwa Mama Zaina na kurudi. Uvira baadaye.