Kiboksi Cheupe Juu ya Kaburi

Jumanne wiki hii, kule Mkumbi, kaburi la babu yake Bibi Kapinga lilifukuliwa. Leo ni Alhamisi. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, ofisi sijaifungua, na nimekaa na kompyuta yangu kama mtu aliyefiwa.

Kaburi lenyewe halina msalaba wala sementi. Lina jiwe moja tu la kuchongwa. Huyo babu alikuwa mchonga mawe wa Wajerumani, na alipokufa wanawe wakamwekea juu jiwe aliloliacha nusu. Ukoo wao wanaliita Jiwe la Mjerumani.

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze kidogo. Mbinga hii ukitaja jiwe na Mjerumani kwa pumzi moja, kuna mtu ataondoka kimyakimya kwenda kutafuta sururu. Watu wanaamini Wajerumani walipokimbia walifukia rupia, pesa zao za enzi zile, na kuacha alama. Wameshachimba hadi kwenye msingi wa shule. Ukiwaambia ni kaburi, ndiyo kwanza wanakonyezana: kaburi ni geresha, mali iko chini.

Bibi Kapinga alilijua hilo kuliko mimi. Nilipokwenda kupima njia ya bomba la maji, mstari wangu ulipita katikati ya shamba lake la kahawa. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye kichaka, akanionyesha jiwe. Alikubali bomba lipite kwake kwa sharti moja: likwepe pale, na pasiandikwe popote kuna nini.

Nikalikwepesha. Kona ile iliongeza mita arobaini na mbili, yaani mabomba saba ya mita sita. Kwenye nakala yetu ya ofisi nikaandika, ili msimamizi wetu wa kazi ya bomba asije akasahau: "Jiwe la Mjerumani, mita 9 mashariki ya kona. Kaburi. Usichimbe." Nikamwambia Bibi kwamba maneno hayo hayatatoka nje ya ofisi. Nakala za wakandarasi zingekuwa na mstari tu.

Kutoa PDF na kuzituma ni kazi ya Osmundi, mwenzangu wa ofisini. Mimi napima na kuchora, yeye anakamilisha na kutuma. Siku ya kutuma nilimuuliza kama maneno yale ameyaondoa. Akajibu bila kugeuka, "Dada, nimeyaficha."

Ameyaficha. Nikaridhika na neno hilo, nikaenda zangu Ruanda, hapa hapa Mbinga, kupima kiwanja cha mtu.

Jana nilipanda Mkumbi. Nilikuta shimo moja.

Moja tu. Wachimba rupia hawachimbi shimo moja. Huwa wanatoboa shamba zima kama fuko. Hawa walianzia kwenye kigingi changu cha kona, nyasi zimelala mstari ulionyooka hadi shimoni. Nikavuta futi yangu. Mita tisa kamili.

Namba yangu ilikuwa sahihi. Ndiyo iliyowafikisha.

Mifupa ilikuwa imetupwa pembeni pamoja na udongo. Wajukuu wameikusanya ndani ya kitenge. Jiwe wamelipasua vipande vitatu, sijui walidhani rupia zimo ndani yake. Bibi alikuwa amekaa chini kando ya shimo. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kama kawaida, hakunitukana, na ingekuwa nafuu angenitukana.

"Mwanangu," akasema, "pale nilikuonyesha wewe peke yako."

Wakati nashuka, vijana waliokaa kwenye pikipiki zao njia panda wakacheka. Mmoja akaniita, "Mama Ramani, hilo la kwanza halikuwa na kitu. Tuuzie la pili basi." Wenzake wakagongeana mikono. Kumbe ndiyo habari iliyopo kijijini: nimeuza kaburi.

Nilirudi ofisini nikaifungua ile PDF tuliyowatumia wakandarasi. Pale kwenye kona palikuwa peupe, pasafi, hakuna neno. Nikapitisha kipanya juu ya ule weupe, nikakopi, nikabandika kwenye ukurasa mtupu.

Maneno yangu yote yalitoka. Pamoja na nukta zake.

Osmundi hakuyafuta. Alichora kiboksi cheupe akakilaza juu yake. Kwa macho hayapo, lakini ndani ya faili yapo mazima, na anayejua kubonyeza anayapata. Tena kiboksi chenyewe kinamkaribisha: bomba linapinda bila sababu, na kwenye kona hiyo kuna peupe palipoziba hadi mistari ya kontua, ile ya mwinuko wa ardhi. Mkandarasi ana mafundi, mafundi wana simu. Sijui ni nani, na sitamtaja mtu kwa kubahatisha.

Nyie mnaochora, sikilizeni. Kufunika si kufuta. Kuzima tabaka la maneno, yaani layer, nako usikuamini, maana programu nyingine hulibeba hadi ndani ya PDF. Hifadhi nakala ya pili ya mchoro, futa maneno humo humo kwenye nakala, ndipo utoe PDF. Kama bado una wasiwasi, igeuze kuwa picha. Kisha jaribu kukopi, na utafute neno lenyewe. Nimefanya hivyo jana kwa mchoro ule ule. Nikatafuta "kaburi", ikaniambia hakuna. Ni kazi ya dakika tano.

Nilianza na mashine moja ya fotokopi sokoni, miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na kila mwenye meza akaitoa barabarani. Kuchora sikufundishwa darasani. Watu hawaniletei kazi kwa sababu ya cheti. Wananionyesha mipaka yao, visima vyao, makaburi yao, kwa sababu nilikuwa nasema neno na linakaa. Kesho saa nne kuna kikao cha kijiji, na ukoo wa Kapinga wanataka kujua mahali pale palitokaje. Bomba wameshalikataa. Padre atazika upya Jumamosi.

Osmundi, najua unaisoma blogu hii. Tangu jana simu yako inaita tu hadi inakatika. Kondakta wa basi la Mbamba Bay ameniambia amekuona kule, ufukweni mwa ziwa, unakula samaki mbasa na wapimaji wa gati. Kula.

Sikuulizi kama ulifunika, nimeshaona. Nakuuliza kitu kingine. Zamani mteja alikopi majina ya majirani zake kutoka kwenye ramani uliyoiziba vivyo hivyo, nikakuonyesha kosa, ukasema umeelewa. Sasa ulipokilaza kile kiboksi juu ya babu wa watu, ulijua maneno yamebaki chini, au hukujua?

Kama hukujua, panda gari la kwanza, tutasimama wote wawili mbele ya Bibi. Kama ulijua, nitasimama peke yangu na nitasema hivyo.

Nipe neno moja, kabla ya saa tatu kesho asubuhi. Ulijua?